Naomba ushauri: rangi ya njiwa inawavutia kozi na kipanga, wale ndege wawindaji?

Wafugaji wenzangu, habari zenu. Nafuga njiwa wa kuruka, na msimu huu kipanga amenichukulia watatu. Wawili walikuwa weupe pee, mmoja wa madoa. Wale wa kijivu wenye mistari miwili bawani bado wapo wote. Roho inaniuma, maana yule wa madoa nilimlea tangu kifaranga.

Nimesoma utafiti wa Davis, California, uliotoka mwaka 2005: njiwa wa kijivu wenye kiraka cheupe juu ya mkia walinaswa na kozi mara chache kuliko wengine. Watafiti walipobadilisha manyoya ya kiraka hicho, bahati nayo ikageuka. Inadhaniwa weupe ule humpoteza kozi anaposhuka kwa kasi, njiwa akapata nafasi ya kujipindua na kukwepa. Hamburg, Ujerumani, nako ilionekana kipanga huchagua njiwa mwenye rangi tofauti na kundi.

Sasa, je, niwape wa kijivu wenye kiraka nafasi zaidi ya kuzaliana, au nifanye kundi zima liwe rangi moja? Weupe nawapenda mno, kuwaacha itaniwia vigumu. Aliyejaribu naomba anieleze alichokiona.