Elfu kumi ya LUKU haimalizi wiki, ni friji kweli?

BintiMeru: Habarini wakuu, nipo Arusha, nyumbani tuko wanne. Nikinunua umeme wa elfu 10 napata uniti 28 na siku ya tano mita ishaanza kupiga kelele. Mzee wa nyumba kakomaa ni friji, anataka tuwe tunalizima usiku. Vingine ni tv, pasi, taa na ile hita ya bafuni inayochemsha maji hapohapo. Nitajuaje nani anakula umeme?

Fundi_Waya: Dada soma wati nyuma ya kifaa, zidisha masaa kinayotumika kwa siku, gawa kwa 1000, hizo ndo uniti. We uniti moja inakugharimu kama 357. Hita ina wati ngapi?

BintiMeru: Imeandikwa 5500

Fundi_Waya: Mwizi huyo hapo 😂 Kila mtu akioga dakika 10, wanne ni dakika 40, yani uniti 3.7 kwa siku, kama 1,300 inaenda na maji tu. Tv ya wati 80 ukiwasha masaa sita haifiki hata nusu uniti.

kaka_mkubwa: Na friji msilihukumu kwa wati za kwenye kibandiko maana kompresa inawaka na kuzima, haizunguki masaa 24. Lipime: usiku soma uniti zilizobaki, zima kila kitu acha friji peke yake, asubuhi soma tena utoe, kama ni masaa 12 zidisha mara mbili upate ya siku nzima. Friji lisilo na tatizo kwa siku nzima litakula uniti moja na kitu, likizidi sana kagua mpira wa mlango. Kulizima usiku ni kuozesha nyama tu, asubuhi linahangaika kurudisha ubaridi.

Mama Junior: Si aombe ile tarifu ndogo ya uniti moja kwa shilingi mia na kitu?

Fundi_Waya: Ile ni ya wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, huyu anakula 160 na ushee, hapati. Dada hita iweke ile swichi ya kati, maji yatakuwa vuguvugu ila wati zinashuka.

BintiMeru: Baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua lakini?? Bora nichemshe kwa gesi. Namtumia huu uzi mzee sasa hivi, yeye ndo anakaa bafuni nusu saa 🙄

kaka_mkubwa: Nusu saa! Basi yeye peke yake uniti 2.75, kama 980 kwa kuoga mara moja

Mama Junior: Mtu anaoga buku kila siku afu anasingizia friji 😂😂