Kumpeleka mama kwenye meli ya utalii Mediterania: nianze na lipi?

Nuru wa Tabata

Wanajamvi, habari za jioni. Mama yangu alifundisha jiografia Korogwe kwa miaka 34. Bahari ya Mediterania aliichora ubaoni kila mwaka na hajaiona hata siku moja. Mwezi wa tisa anatimiza miaka 68, na kaka yangu aliyeko Stuttgart amesema atalipia meli, mimi nimsindikize.

Tumeletewa safari mbili. Ya kwanza ni kupanda Barcelona tarehe 12 Septemba, kisha Marseille, Genova, Civitavecchia (ndiyo bandari ya Roma), Palermo, Tunis, siku moja baharini, na kurudi Barcelona tarehe 19. Ya pili inaanzia Piraeus (bandari ya Athens, Ugiriki), inapita kisiwa cha Mykonos, Kuşadası kule Uturuki, halafu kisiwa cha Santorini. Picha za Santorini zimeniteka.

Mama anachoma insulini, na magoti yanamsumbua. Akipanda ngazi za ghorofa mbili lazima apumzike katikati. Sote tuna pasipoti za Tanzania na hatujawahi kuomba viza ya Ulaya. Wakala anataka tulipe yote mwezi huu ili tupate punguzo. Mwenye uzoefu naomba anisaidie.

Baharia wa Likoni

Dada Nuru, mpe mama shikamoo yangu. Nilikuwa mhudumu wa kabini kwa miaka saba, mitano kati ya hiyo huko huko Mediterania, kwa hiyo nitakueleza nilivyoona kutoka ndani.

Anza na magoti ya mama, picha ziweke kando. Santorini meli kubwa haifungi gatini. Inatia nanga, abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka boti inapanda na kushuka huku mtu anatakiwa avuke kwa hatua moja. Siku za zamu ya boti nimewashika mikono wazee wengi pale, na wengine waligeuka wakarudi kabini wakilia. Ukishafika chini, mji wa Fira uko juu ya jabali: ngazi karibu 600, au punda, au gari la waya lenye foleni ndefu juani. Bandari za safari ya kwanza, katika meli zote nilizofanyia kazi, tulifunga gatini na mtu akashuka kwa ngazi ya meli moja kwa moja hadi nchi kavu. Kwa mama mwenye magoti hayo, mimi ningechukua Barcelona.

La pili ni viza, na hapa watu wengi wa kwetu huumia. Hispania, Ufaransa na Italia zote ni Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini Tunis iko nje. Meli ikitoka Palermo mmeshaondoka Schengen, na kushuka Barcelona ni kuingia upya. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi, na kampuni inaweza kuwakatalia kupanda tangu siku ya kwanza. Ombeni ya kuingia mara nyingi, na mwambatanishe ratiba ya meli bandari kwa bandari ili ofisa aone sababu. Kuhusu Tunisia yenyewe, iulizeni kampuni ya meli, si wakala, kama pasipoti ya Tanzania inahitaji viza hata kwa mtu wa kushinda tu. Jibu liwe kwa maandishi.

Mnaomba nchi gani? Kanuni ni ile mtakayokaa siku nyingi zaidi. Hesabu na mimi. Mkitua Barcelona tarehe 12 na kupanda siku hiyo hiyo, Hispania inapata siku mbili tu, ya 12 na ya 19, na Italia inapata tatu: Genova, Civitavecchia, Palermo. Hapo ni Italia. Mkitua tarehe 10 mkalala usiku mbili, Hispania inakuwa na siku nne, na ombi linakwenda kwa Wahispania. Nashauri hii ya tarehe 10, na si kwa ajili ya viza peke yake. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Barcelona. Mtaunganisha Doha, Istanbul au Addis Ababa, na ndege moja ikichelewa siku ya kupanda, meli haiwangoji.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila wakitaka nyaraka zaidi waweza kufikia 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko.

Usilipe yote sasa. Lipa kishika nafasi, na kabla ya kutoa hata hicho mwambie wakala akuandikie: viza ikikataliwa, kiasi gani kinarudi na kwa muda gani. Asipotaka kuandika, tafuta mwingine.

Mama Tatu, Moro

Nuru mwanangu, mimi nitasema la insulini tu, maana nilisafiri na marehemu baba yao akiwa na sukari.

Insulini isiingie kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda na ikiganda imeharibika. Mpakizie dozi za mara mbili ya siku za safari, ugawe mafungu mawili: moja kwenye mkoba wake, jingine kwenye wako. Daktari aandike barua kwa Kiingereza yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, dawa, dozi na sindano. Melini friji ya kabini ni ya soda, haipoi vizuri. Tuliandika mapema kuomba friji ya dawa na kisanduku cha kutupia sindano, tukavikuta. Saa za dozi hazitawasumbua, mwezi wa tisa Barcelona na Dar zinaachana saa moja tu.

Kinachoniuma hadi leo ni bima. Kijana aliyetujazia fomu aliruka swali la maradhi ya zamani. Baba yao akazidiwa siku ya nne, zahanati ya meli ikatutoza kila kitu, bima ikakataa kwa sababu sukari haikutajwa. Fomu ya mama ijaze wewe kwa mkono wako, andika sukari, andika na magoti.

Nuru wa Tabata

Shikamoo Mama Tatu, asante sana, na pole kwa yaliyowapata. Nitaijaza mwenyewe.

Kaka Baharia, Roma tunaweza kwenda wenyewe kwa treni? Ziara za meli ni ghali mno.

Baharia wa Likoni

Marahaba ya mama nimeipata kwa simu yako, asante.

Treni ipo, na Roma ni zaidi ya kilomita 70 kutoka gatini, saa nzima na ushee kila upande, ukiongeza basi la kutoka meli hadi stesheni. Mimi bandari nyingine zote ningeshuka mwenyewe. Genova na Palermo mji uko pale pale. Civitavecchia ningelipia ziara ya meli, kwa sababu basi lao likikwama, meli inasubiri au kampuni inawafikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukienda mwenyewe, ukichelewa ni juu yako.

Mwaka wangu wa tatu mume na mke, wazee, walikwenda Roma wenyewe na treni ikasimama njiani. Nilikuwa sitaha ya chini nikawaona wanatokea mwisho wa gati, mzee amemshika mkewe mkono, ngazi imeshapandishwa. Usiku nikaingia kabini kutandika nikakuta dawa zao za presha mezani, zimepangwa kwa siku. Sijalisahau lile. Kila mnaposhuka, mama abebe dawa za siku mbili na nakala ya pasipoti.

Halafu saa. Tunis mwezi wa tisa iko nyuma ya Italia na Hispania kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa pale inajirudisha yenyewe. Meli mara nyingi inabaki na saa zake. Mtu anaona simu inasema saa kumi jioni, kumbe melini ni saa kumi na moja na abiria wote wameshapanda. Mvalishe mama saa ya mkono, muiweke kwa saa za meli, msiiguse. Na tangazo litaandikwa 17:30, wewe mwambie saa kumi na moja na nusu.

Kabini chukua ya katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na lifti. Huko bahari hailevyi sana. Pasi ya umeme acheni nyumbani, itachukuliwa kwenye ukaguzi kwa ajili ya moto. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Ulaya. Na zoezi la usalama siku ya kwanza msilikwepe. Meli ya utalii Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 watu 32 walikufa, na abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi. Mama atembee mwenyewe hadi kituo chake cha kukusanyikia, ajue ni ngazi ngapi kutoka kabini, maana siku ya hatari lifti hazitumiki.

Nuru wa Tabata

Tumeamua Barcelona, tunatua tarehe 10. Wakala amekubali kishika nafasi na ameandika. Nimemsomea mama majibu yenu yote, akatoa atlasi yake ya shule. Anauliza: kati ya Genova na Civitavecchia, tutapita upande gani wa kisiwa cha Elba?

Baharia wa Likoni

Mwambie Mwalimu kwamba meli zangu zilipita kati ya kisiwa cha Corsica na Elba, Corsica kulia, Elba kushoto. Lakini ni usiku, ataona taa tu. Aende sitaha ya juu baada ya chakula cha jioni, avae kitu kizito, upepo wa pale ni baridi hata mwezi wa tisa.