AC: gesi inaisha kila kiangazi, nijaze tena?

Mama Wawili, Houston

Habari zenu ndugu zangu. AC ya nyumbani imeanza tena kutoa upepo wa uvuguvugu, na lile bomba nene lililovikwa sponji limeganda barafu nje huko, na jua lote hili. Fundi amekuja, kafunga geji za kupimia presha, kasema gesi imepungua, anataka kujaza aondoke. Kiangazi kilichopita ilikuwa hivyo hivyo, ila fundi mwingine. Bili ya umeme ndiyo usiseme. Mzee wa nyumba anadai gesi ya AC huisha tu, kama ya jikoni. Ni kweli? Mfumo ni wa mwaka 2018, kibandiko kinasema gesi yake ni R-410A.

Fundi wa Katy

Dada, salaam. Mwambie shemeji gesi ya jikoni inaungua, hii haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inachemka kwenye koili ya ndani na kuvuta joto la nyumba, kompresa inaikandamiza, koili ya nje inatoa lile joto na gesi inarudi kuwa majimaji. Mfumo mzima unaweza kuzeeka na kutupwa ukiwa na gesi ile ile ya siku ya kwanza. Ikipungua, kama ilijazwa sawasawa mwanzoni, basi inavuja. Anayekujazia bila kutafuta tundu atarudi mwakani kukujazia tena, na kwa bei ya gesi ya sasa, hiyo ni biashara nzuri kwake.

Lakini kabla hujamlaumu mtu, chomoa filta uiangalie. Filta ikiziba, hewa haipiti vizuri kwenye koili, koili inaganda, na barafu inakuwa ile ile. Geji zikifungwa wakati koili imeganda hazitoi jibu la kuaminika. Zima upozaji, acha feni peke yake mpaka barafu yote iyeyuke, weka filta mpya, ndipo uwashe. Ikishatulia, pima kwa kipimajoto hewa inayovutwa kwenye tundu kubwa la ukutani na ile inayotoka darini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 16 na 22 za Farenhaiti, mambo si mabaya. Ikiwa nane au tisa, ita mtu.

Inavuja wapi? Naanza na vali mbili za nje, zile za kufungia geji. Moyo wa vali ukichoka, au kifuniko kikipotea, gesi inatoka taratibu miezi na miezi. Kuibadilisha ni kazi ndogo, na ukiona fundi hajaigusa hata kwa povu la sabuni, muulize. Halafu maungio yaliyochomelewa: mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye tundu utaona doa lenye unyevu lililokamata vumbi. Tatizo kubwa ni koili ya ndani ikiwa ya shaba. Mvuke wa sabuni za kusafishia, rangi na gundi za samani hugeuka asidi ukikutana na unyevunyevu, na asidi hiyo inachimba vijitundu visivyoonekana kwa jicho. Hapo sitakushauri kuziba. Ukiziba kimoja, kingine kiko njiani. Koili inabadilishwa.

Kabla hujalipia koili, tafuta karatasi za ununuzi. Kampuni nyingi hutoa dhamana ya miaka 10 kwa vipuri kama mfumo ulisajiliwa mapema baada ya kufungwa. Kwa kawaida kazi ya fundi na gesi utalipa mwenyewe.

Mjomba wa Muscat

Huku tuna split ukutani, na ugonjwa wake ni nati za kuunganishia mabomba. Vijana wanazikaza kwa nguvu za mkono, shaba inapasuka mdomoni. Spana yenye kipimo cha nguvu ipo, ila wengi hawana subira nayo. Povu la sabuni kwenye nati, subiri dakika chache, kipovu kitajionyesha chenyewe.

Binti wa Gulfton

Shikamooni. Samahani naingilia. Je, naweza kununua mtungi mtandaoni nijaze mwenyewe? Na ile dawa ya kuziba inayouzwa kwenye kopo? Mimi ni mpangaji.

Fundi wa Katy

Marahaba mwanangu. Usijaribu. Kununua na kushika gesi hii kunahitaji cheti cha EPA, idara ya mazingira ya Marekani, kinaitwa 608, na kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa kisheria. Ile dawa ya kopo mimi siitaki, inaweza kuziba njia nyembamba za mfumo na kuharibu mashine ya kunyonyea gesi. Wewe mpangaji mwandikie mwenye nyumba barua, weka nakala, na kodi uendelee kulipa. Hapa Texas ukizuia kodi unajiharibia mwenyewe.

Dada, ukarabati wenyewe: gesi iliyobaki inanyonywa kwenye mtungi, tundu linachomelewa huku naitrojeni ikipita ndani, kichujio cha unyevu kinabadilishwa, mfumo unajaribiwa kwa presha ya naitrojeni, kisha pampu inavuta hewa yote ndani hadi kipimo cha utupu kiwe chini ya mikroni 500. Mwisho gesi inapimwa kwa mizani kufuata kibandiko na urefu wa mabomba.

Na usitishwe kwamba R-410A imepigwa marufuku kwa hiyo ununue mfumo mpya. Marekani ilizuia kutengeneza mashine mpya za nyumbani za gesi hiyo kuanzia Januari 1, 2025. Gesi ya kurekebishia za zamani bado inauzwa. Ila R-454B ya mashine mpya isiingie kwenye yako kabisa. Inaweza kushika moto, na mashine yako haikuundwa kwa ajili yake.

Mama Wawili, Houston

Asante sana kaka. Filta nimeichomoa, ni chafu kiasi tu. Doa la mafuta lipo kwenye ungio la bomba nene, karibu na koili ya ndani. Huyu fundi nimemwambia asijaze. Unaweza kupita Jumamosi?

Fundi wa Katy

Nitapita baada ya saa kumi jioni. Upozaji uzime tangu asubuhi, nisikute barafu, na uweke taulo chini ya koili maana maji yatamwagika. Kwenye gari langu utaona namba ya leseni inayoanza na TACLA. Iingize kwenye tovuti ya TDLR, idara ya leseni ya Texas, kabla hujanifungulia mlango.