Majani ya mwembe yana vipele, ni ukungu ama?

Jaduong_Kibos: Habari zenu wakulima. Niko na miembe tatu nyuma ya nyumba hapa Kibos, miaka nne sasa. Majani yametoa vipele vigumu kama chunusi, jani moja unahesabu hadi ishirini, nikaenda duka la dawa nikaambiwa ni ukungu nikauziwa dawa, nimepiga mara tatu na hakuna kitu imebadilika. Mwenye anajua aseme kabla sijaleta panga.

mama_miche: Pole baba, weka panga chini. Chukua wembe pasua kipele kimoja polepole, ndani utapata kafunza. Ni mtoto wa nzi mdogo hata kuliko mbu, hutaga kwa majani machanga yale bado mekundu na laini, halafu kafunza kakishaingia ndani mti wenyewe ndio unakajengea nyumba, jani linavimba kukazunguka. Kanakula humo kanalala humo mpaka kakomae katoboe katoke, na kodi halipi 😂. Dawa ya ukungu itamfanya nini huyo?

BusiaBoy: Si ndio huyu alisumbua blugamu (mikaratusi) zetu huku 2002?

mama_miche: Apana. Wa blugamu ni nyigu, asili yake Australia, mabawa manne, yeye huvimbisha vikonyo na ule mshipa wa katikati ya jani, miche inadumaa kabisa. Huyu wa mwembe ni jamii ya nzi, mabawa mawili, na blugamu hana haja nayo.

Jaduong_Kibos: Wueh! Nimepasua, kweli kuna kitu inajinyonganyonga. Zingine ziko na tundu na ndani hakuna kitu.

mama_miche: Hao walishahama. Kata yale majani yamejaa sana uchome, usiyaache chini ya mti. Lakini usinyoe mti wote, majani ndio jikoni yake. Ukitaka kupiga dawa ya wadudu ngojea majani mekundu yakianza kutoka, jani likishavimba unamwaga pesa tu juu ya paa na mwenye nyumba amejifungia ndani. Mimi niko na mwembe mzee una vipele kila mwaka na maembe nauza.

Jaduong_Kibos: Asante sana mama. Na hii dawa ya ukungu imebaki nusu chupa?

mama_miche: Weka. Mwembe ukitoa maua na mvua ishike, ukungu wenyewe utakuja. Soma kibandiko kwanza lakini.