Feni za maabara zinabadilishwa huku sisi tumo ndani. Nifungue madirisha?

Kijana_wa_Kondele: Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja hapa Kisumu. Kontrakta anabadilisha mfumo wa hewa, ghorofa moja baada ya nyingine, na masomo yanaendelea. Alhamisi mwaka wa nne wana mtihani wa vitendo, shaba na asidi ya nitriki. Nikifungua madirisha yote, itatosha?

MamaKibuye: Pole mwanangu. Mimi nimekaanga samaki miaka tisa kwenye kibanda kisicho na dirisha, macho yakawa kama pilipili. Fungua tu, Mungu yupo.

Fundi_Bati: Mama, hapana. Mchana upepo wa ziwa ukiingia dirishani unavuruga hewa mbele ya kabati za kuvutia mvuke wa kemikali, mvuke unarudi usoni. Kwani kabati zenyewe zinavuta?

Kijana_wa_Kondele: Zinavuta kiasi.

Fundi_Bati: Kiasi ni nini? Shika kipande cha tishu chini ya kile kioo cha mbele ya kabati, uniambie.

Kijana_wa_Kondele: Nimeshika. Kinaning'inia. Kikipepea, kinakuja kwangu. Lakini nimeweka feni ya meza isaidie.

Fundi_Bati: Itoe leo! Hiyo haivuti, inakoroga. Ghorofa ya chini wameshang'oa kabati?

Kijana_wa_Kondele: Mbili. Mdomo wa bomba wameuziba kwa gunia.

Fundi_Bati: Kwa gunia! Basi feni ya paa inavuta hewa ya chini, nyinyi wa juu mnabaki na makombo. Waweke bati na silikoni, kisha mpime kasi ya hewa mdomoni mwa kabati: karibu mita 0.5 kwa sekunde.

Mwalimu_Mstaafu: Vijana wa siku hizi ni haraka tu. Moshi ule wa kahawia wa shaba na asidi unakuacha uende nyumbani, ule, ulale. Kifua kinabana saa kadhaa baadaye. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kwa msimamizi wako. Umeripoti?

Nyalenda_Hakuna_Siri: Wazee, mnachezwa. Hadithi ya kutunga hii. Kwetu kontrakta hagusi bomba kabla fundi wa maabara hajatia sahihi kwamba kabati za juu zinavuta. Alitia nani?

Kijana_wa_Kondele: Mimi. Kipimo chetu kimekufa, nikanakili 0.5 ya mwaka jana. Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi, ningefanyaje? Mtihani ukiahirishwa hawa hawahitimu.

Nyalenda_Hakuna_Siri: Kumbe swali halikuwa madirisha.

Fundi_Bati: Nina kipimo, nakuja Jumatano asubuhi. Ila kabla sijafika uwe umemwona huyo mkuu na kuifuta ile fomu. Siji kuipimia 0.5 yako.

Kijana_wa_Kondele: Sawa mzee. Nitajaribu.

Mwalimu_Mstaafu: Kujaribu!

MamaKibuye: Hiyo feni ya meza, kama unaiuza, nitafute. Huku joto limetuzidi.