Nizipitie vipi mechi zangu za dakika tatu ili nivuke kiwango nilichokwama?

AskariWaKati

Habari zenu wanajamvi. Nacheza sataranji mtandaoni, hasa mechi za dakika tatu kwa kila mchezaji bila nyongeza ya sekunde baada ya kila hatua, na kwa miezi saba sasa alama zangu zinapanda na kushuka kati ya 1400 na 1480 bila kuvuka hapo. Nimeambiwa mara nyingi kwamba dawa ni kupitia mechi zangu mwenyewe, nami nimejaribu. Kila nikishindwa nabofya kitufe cha uchambuzi, injini (programu ya kompyuta inayokokotoa hatua bora) inapita kwenye hatua zote, natazama palipowekwa alama mbili za kuuliza, nakiri moyoni kwamba hapo nilikosea, kisha naanza mechi nyingine. Kesho yake narudia kosa lile lile. Kwa usiku mmoja naweza kucheza mechi ishirini, kwa hiyo siwezi kuzichambua zote. Naomba mwenye uzoefu anieleze nichague zipi, na ndani yake nitafute nini.

NgomeSafuYaSaba

Ndugu yangu, unaisikiliza injini kabla hujajisikiliza mwenyewe. Injini kama Stockfish itakuonyesha hatua iliyokuwa bora, lakini haijui ulikuwa unawaza nini ulipoisogeza kete, na wazo hilo lisipojulikana litazaa kosa lile lile kesho na keshokutwa. Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, alisisitiza sana kwamba mchezaji achambue michezo yake kwa kina, na wakati huo hapakuwa na injini ya kumsaidia mtu. Mechi zetu ni fupi mno kulinganisha na zake, ila mpangilio unafaa ule ule: mara tu mechi inapoisha, wakati mawazo bado yana joto, ipitie injini ikiwa imezimwa, na uandike maneno machache pale ulipositasita, pale ulipoogopa na pale uliposhtushwa na jibu la mpinzani. Baada ya hapo ndipo uiwashe injini uone wapi mnapingana.

Jambo la pili, ambalo kwa mechi za haraka naliona kubwa kuliko yote, ni kusoma saa. Tovuti kubwa huhifadhi muda uliotumika kwa kila hatua, na watu wengi hawaufungui kabisa. Wiki iliyopita injini iliniwekea alama nyekundu kwenye hatua ya 34, nilipoiacha ngome yangu iliwe bure. Nilipofungua rekodi ya saa nikakuta kwamba kwenye hatua ya 11 nilikaa sekunde 41 nikichagua kupeleka ngome mraba wa d1 au e1 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya ubao), hatua mbili ambazo injini inaziona karibu sawa. Dakika tatu ni sekunde 180, na mechi ya hatua 40 inakuachia wastani wa sekunde nne na nusu kwa kila hatua, maana yake nilikula muda wa hatua tisa kwa uamuzi usio na uzito. Nilipofika hatua ya 34 nilikuwa na sekunde sita. Daftarini mwangu, kosa la mechi ile limeandikwa kwenye hatua ya 11.

Kuhusu uchaguzi, mbili kati ya ishirini zinatosha: moja uliyoshindwa ilhali ulikuwa na nafasi nzuri, na moja uliyoshinda huku ukijua kwamba mpinzani ndiye aliyestahili. Hiyo ya pili hatupendi kuifungua, na mara nyingi ndiyo yenye mafunzo zaidi.

FarasiMweupe

Nakubaliana na mwenzangu isipokuwa kwenye ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mechi. Huko hakuna haja ya kujihoji sana, kwa kuwa ama unaijua njia ama huijui. Mimi baada ya kila mechi, hata ile nisiyoichambua, natumia dakika moja kutafuta hatua ya kwanza niliyotoka nje ya ninayoyajua, naangalia jibu sahihi, na kuliandika.

Chukua mfano huu, unaowapata wengi wanaocheza na kete nyeusi. Mweupe anaanza e4, unajibu e5. Anatoa farasi f3, nawe farasi c6. Anatoa askofu c4, nawe farasi f6. Kisha farasi wake anaruka g5 kutishia f7. Unasukuma askari d5, anamla kwa askari wa e4. Mkono unataka kumla askari huyo kwa farasi wa f6, na hapo mweupe anaweza kumtoa kafara farasi wake kwa kula f7. Mfalme wako akimla, malkia anatokea f3 akimtishia mfalme na farasi wa d5 kwa pamoja, na mfalme analazimika kutoka hadi e6 katikati ya moto ili kumlinda. Hatua inayochezwa zaidi ni farasi wa c6 kwenda a5, kumshambulia askofu. Nilishindwa hivyo mara nyingi kabla ya kuandika mstari mmoja tu: "farasi a5, usile d5."

MfalmeG8

Nashauri uhamie kwenye dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili, ambayo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya dunia ya blitzi (mechi za kasi) ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Bila nyongeza, mechi nyingi zinaamuliwa na kasi ya kidole, na hakuna cha kuchambua.

Angalia pia mwisho wa mechi zako. Ukiwa na ngome pekee dhidi ya ngome na askari mmoja, mfalme wako akae mbele ya askari, na ngome yako ikae safu ya tatu kutoka upande wako hadi askari aingie safu hiyo. Hapo iondoe, ipeleke mwisho kabisa wa ubao, umtishie mfalme wake kutoka nyuma. Ni ulinzi wa Philidor, wa tangu karne ya 18, na unachezeka hata ukibakiwa na sekunde kumi.

AskariWaKati

Nawashukuru sana. Nimepitia mechi kumi na mbili kwa namna mlivyoeleza, na sikutegemea nilichokiona. Katika saba kati ya hizo, kosa langu kubwa lilikuja mara tu baada ya mpinzani kula kete yangu, na saa inaonyesha nilijibu chini ya sekunde mbili. Katika mojawapo nilisogeza farasi f6, akawa anamshambulia malkia wa mpinzani aliyekuwa g4. Mpinzani hakumtoa malkia, akala farasi wangu wa c6 kwa askofu. Nikamla askofu papo hapo kwa askari wa b7, huku malkia akiwa bado pale pale g4 na hana mlinzi. Hatua iliyofuata akamtoa. Injini niliipitisha kwenye mechi hiyo siku ileile, na wala sikuuliza kwa nini.

NgomeSafuYaSaba

Basi umeshapata kazi ya kufanya, na ni moja tu. Zima kabisa hatua za kuandaliwa mapema, zile unazoweka kabla mpinzani hajacheza, na kila kete yako inapoliwa, kabla ya kurudisha, tazama kwanza kama kuna kete yake nyingine iliyo wazi au kama unaweza kumtishia mfalme. Itakugharimu sekunde mbili au tatu, na utazifidia kwa kuamua haraka mahali palipo sawa kama ile d1 na e1 yangu. Mengine, hata ufunguzi, yasubiri. Baada ya wiki mbili tuletee kumi na mbili nyingine, pamoja na rekodi ya saa, tuone ile saba imekuwa ngapi.