Naombeni ushauri: mdogo wangu kasimamishwa shule na pia ana kesi polisi

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada hasa walimu na wenye uelewa wa sheria.

Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu bweni. Wiki mbili zilizopita wanafunzi waligoma kisa chakula, vioo vya bwalo vikavunjwa, yeye na wenzake watatu wakatajwa na viranja. Shule ikampa barua ya kusimamishwa siku 21 halafu hapohapo ikaita polisi, akalala mahabusu siku mbili pamoja na watu wazima, akaandikishwa maelezo bila mzazi wala ndugu yeyote kuwepo, sisi tunakuja kupigiwa simu kesho yake jioni. Mtoto wa watu jamani! Sasa hivi yuko nje kwa dhamana ila haongei na mtu, mama naye halali.

Nimeenda kwa mkuu wa shule, anasema tulipe vioo kwanza ndo tuongee. Afisa ustawi wa jamii kaniambia kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela na kesi yake inatakiwa iende mahakama ya watoto, lakini mpelelezi ananizungusha tu, kila siku njoo kesho.

Naomba kujua, tukilipa vioo si itaonekana amekiri kosa, au ndo njia ya shule kuiondoa kesi? Na yale maelezo aliyosaini peke yake tunaweza kuyapinga, tunaanzia wapi?